Jembe, njala na insulini: juu ya nini sukari inaanguka shambani

Mugonjwa wa sukari anayejidunga insulini, akienda kwa muganga hapa Beni ao Butembo, hakosi kuambiwa afanye mazoezi ya mwili. Shauri lenyewe ni nzuri, hakuna anayelipinga. Lakini halijibu ulizo la wagonjwa wengi wa hapa kwetu. Mama anayetoka Mutwanga kwenda kuvuna kakao, kijana anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala, mwanamuke anayepanda vilima vya Butembo na muzigo mugongoni, kamba kwenye paji la uso: hao wote wako na mazoezi tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Kinachowakosa ni mutu wa kuwaelezea namna insulini na ile kazi vinakutana ndani ya mwili. Na mara nyingi vinakutana wakati tumbo iko tupu.

Tuanze na mwili wenyewe. Musuli inayofanya kazi inakula sukari ya damu kwa nguvu, hata bila kungojea amri ya insulini. Kwa mutu asiye na ugonjwa, mwili unajipanga: akianza tu kulima, kongosho inapunguza insulini, na ini inatoa sukari iliyokuwa imeweka akiba. Hesabu inabaki sawa. Kwa yule anayejidunga, mambo iko tofauti. Insulini ikishaingia chini ya ngozi hairudi tena kwenye sindano. Haijui kama mwenyewe amekaa kwenye kiti ao ameshika jembe. Itafanya kazi yake mpaka iishe. Basi sukari inavutwa na wawili kwa wakati mumoja: insulini upande huu, musuli upande ule. Ikiwa hakuna chakula kinachoingia, sukari inashuka haraka.

Sasa tuangalie saa. Wagonjwa wengi wa kwetu wanapewa insulini ya kuchanganywa, ile wanaita 30/70: sehemu 30 ni ya haraka, sehemu 70 ni ya polepole. Wanajidunga asubuhi na mangaribi. Ile ya haraka inaanza kufanya kazi kisha nusu saa, na nguvu yake inapanda sana kati ya masaa 2 na 4. Ile ya polepole inapanda kati ya masaa 4 na 10. Mukulima aliyejidunga saa 12 ya asubuhi, akakunywa chai na kipande cha muhogo, akatembea mwendo wa saa moja mpaka shambani, atakuwa na insulini nyingi mwilini tangu saa mbili mpaka saa kumi. Na hizo ndizo saa za kulima. Tena, kwetu desturi ya wengi ni kulima kwanza na kula kisha kurudi nyumbani. Kwa mutu mwenye afya hiyo ni uchovu tu. Kwa mutu mwenye insulini ni mutego, na saa yake inajulikana mbele.

Alama za sukari kushuka zinajulikana: jasho ya baridi, kutetemeka, moyo kupiga mbio, njala kali ya gafula, macho kuona ukungu, maneno kupotea, hasira bila sababu, kisha kuanguka. Lakini nani atashangaa kuona jasho juu ya mutu anayelima? Nani atashituka kwa kusikia mukulima anasema moyo unamupiga mbio akiwa anapanda mulima na muzigo? Kazi inaficha alama. Wakati alama zinaonekana wazi, mugonjwa mwenyewe hawezi tena kujielezea. Anasema ovyo, anayumbayumba, na wenzake wanasema amekunywa kasikisi tangu asubuhi. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema ni malaria, wanamuchoma kinini, na hapo hatari inaongezeka, kwa sababu kinini yenyewe inajulikana kushusha sukari ya damu, na malaria kali pia inaishusha.

Kinachohitajika kwa saa ile ni kitu kidogo sana. Kama mugonjwa angali anaweza kumeza, anahitaji kadiri ya gramu 15 za sukari yenye kuingia haraka: vijiko 3 vya sukari katika maji, ao nusu ya glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Anapumzika dakika 15. Kama hajisikii muzuri, anarudilia. Akipata nafuu, ndipo anakula chakula cha kukaa tumboni, kama ndizi, muhogo ao maharagi. Wengi wanageuza huo utaratibu: wanaanza na maharagi ao bugali, wakifikiri chakula kizito kina nguvu zaidi. Kina nguvu kweli, lakini kinachelewa, na sukari inayoshuka haingojei. Muwa unasaidia kama hakuna kingine, ila inaomba kutafuna muda murefu. Sukari iliyofungwa katika kasashe na kuwekwa mufukoni inashinda yote. Haihitaji moto, haiozi, na bei yake hailingani hata kidogo na bei ya usiku mumoja hospitalini.

Iko jambo lingine ambalo wagonjwa wengi hawakuambiwa kamwe. Hatari haiishi jembe likiwekwa chini. Kisha kazi nzito, musuli inaendelea kuvuta sukari ili kujaza akiba yake iliyokwisha, na hilo linaweza kuendelea mpaka masaa 24. Mutu aliyefanya salongo asubuhi yote, ao aliyevuna siku nzima, anarudi, anajidunga kipimo chake chote cha mangaribi, anakula kidogo juu ya uchovu, analala. Sukari yake inaweza kuanguka saa nane ya usiku, wakati hakuna anayemwona. Akiwa amepitia mahali wanakunywa, hatari inaongezeka tena: pombe inazuia ini kutoa akiba yake. Harufu ya pombe inamaliza kila kitu, kwa sababu jamaa watasema amelewa, wamwache alale.

Mugonjwa aliyeanguka mara moja ao mbili shambani anafanya hesabu yake mwenyewe, na hiyo hesabu inaeleweka: sindano ndiyo iliniangusha, basi siku za shamba sijidungi. Hapo ndipo kitu kingine kinaanza. Kwa mwenye diabeti ya aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautoi tena insulini, kuiacha siku chache tu kunatosha kwa damu kujaa asidi. Anasikia kiu, anakojoa sana, anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na haraka. Bila hospitali anakufa. Kupunguza kipimo na kuacha kipimo si jambo moja, na maisha ya wagonjwa wengi wa hapa inasimama kati ya hayo mawili. Kwa bahati mbaya, ni tofauti ambayo haielezewi kwa dakika tano za mashauri, siku ya foleni.

Wataalamu wanasema nini? Mwaka wa 2017, kundi la waganga wa nchi mbalimbali waliandika katika gazeti la Lancet Diabetes & Endocrinology miongozo juu ya mazoezi kwa wenye diabeti ya aina ya kwanza. Kwa kifupi: kwa mazoezi ya muda, kama kutembea ao kukimbia, ni muzuri kuanza sukari ikiwa kati ya miligramu 126 na 180 kwa desilita. Chini ya 90, kula kwanza gramu 10 mpaka 20 za sukari. Ikipita 270, tena mugonjwa anajisikia vibaya ao kuna asidi katika mukojo, asifanye kazi siku hiyo. Aliyeanguka vibaya kwa sukari kushuka ndani ya masaa 24 yaliyopita, apumzike. Na insulini ya chakula kinachotangulia mazoezi inaweza kupunguzwa, tangu robo mpaka robo tatu, kufuatana na uzito na urefu wa kazi. Hizo namba za kupunguza si za kuchukua hapa na kujipimia nyumbani. Ni za kumupelekea muganga ao muuguzi na kumwuliza: siku ya kulima nijidunge kiasi gani, na siku ya kupumzika kiasi gani?

Miongozo hiyo iliandikwa kwa mutu anayechagua saa ya kukimbia, aliye na chakula na kimashine cha kupimia. Hata hivyo kinachoelezwa ndani yake kinafaa kwa jembe sawa vile kinafaa kwa baskuli. Lakini hapa insulini ya 30/70 inaleta shida yake. Ukiipunguza asubuhi, unapunguza zote mbili pamoja, ile ya chai na ile ya mchana. Huwezi kugusa moja tu. Ni dawa rahisi kwa anayeigawa, kwa sababu ni chupa moja na mafundisho mafupi. Kwa mukulima, chupa mbili tofauti zingemupa uhuru zaidi, ila zinaomba afundishwe muzuri na apime sukari mara nyingi zaidi. Wenye chupa moja wanabaki na njia ya wazi: kula. Chai yenye kitu cha kushiba mbele ya kwenda, muhogo ao ndizi ya kula kila kisha saa moja ya jembe, na kipimo cha asubuhi kilichopunguzwa kwa makubaliano na muganga. Pia ni muzuri kujidunga tumboni siku ya kazi, si kwenye paja ao mukono utakaotumika, kwa sababu kiungo kinachofanya kazi kinanyonya insulini haraka.

Kupima ndiko kwenye fundo. Wagonjwa wengi wanapimwa siku ya kwenda kituo cha afya peke yake, asubuhi, mbele ya kula. Hiyo namba inasema namna usiku ulikuwa. Haisemi kitu juu ya saa sita ya mchana shambani. Mutu anaweza kuwa na namba ya juu asubuhi na kuanguka kila mchana. Muuguzi anaona karte, anaona 220, anaongeza kipimo, na mchana unakuwa mubaya zaidi. Hakuna aliyekosa kazi yake hapo. Kila mumoja amefuata alichokiona. Ila hakuna aliyeuliza: wewe unafanya kazi gani, unaianza saa ngapi, na unakula saa ngapi? Maulizo hayo matatu hayaombi franga hata moja.

Bandeleti za kupimia, hizo zinaomba feza, na wengi wanasema ndizo zinawashinda kuliko hata insulini. Barabara ya Goma na Butembo imekatwa na mustari wa mapigano tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa Juni 2024, na kuanguka kwa Goma katika Januari 2025 kulizidisha ugumu. Vitu vingi sasa vinapitia Kasindi, kutoka Uganda. Lakini kusema vita ndiyo sababu yote ni kujidanganya. Wakaaji wa hapa wanakumbuka Ebola. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, chanjo yenye kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 60 mpaka 80 chini ya sufuri ilifika Mangina, Beni, Butembo na Katwa, katikati ya mashambulizi, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Bandeleti haihitaji hata frigo. Inaingia mufukoni. Tofauti ni kwamba Ebola ilitisha dunia nzima, na mukulima anayeanguka peke yake katikati ya kakao hatishi mutu wa mbali.

Kisha kuna mazoezi ambayo hakuna kitabu cha sporti kinaandika: kukimbia. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayowekwa juu ya ADF yamewahamisha watu mara na mara katika teritware ya Beni, toka Eringeti na Mbau mpaka Oicha, kisha sekta ya Ruwenzori, na sasa mpaka ndani ya Lubero. Kwa mugonjwa wa insulini, usiku wa kukimbia unageuza mwili mara mbili. Kwanza woga: mwili unamwaga homoni za hatari, ini linatoa sukari, na namba inapanda. Kisha mwendo: masaa sita, nane, kumi ya kutembea na mutoto mugongoni, bila kula, na sukari inaanza kuteremuka. Anayepimwa mara tu akifika kwa jamaa ao kwenye kituo anaweza kuonekana na namba ya juu sana. Akidungwa kipimo kikubwa juu ya namba hiyo, kisha akalala na njaa, ataangukia kulekule mahali alipokimbilia kupona. Wauguzi wanaopokea wahami wanastahili kulijua hilo: pima, mupe kula, pima tena mbele ya kuongeza.

Na posho? Mara nyingi vyakula vinavyogawiwa wahami ni unga, maharagi, mafuta na chumvi. Ni chakula kizuri, lakini hakuna hata kimoja kinachoinua sukari ndani ya dakika 15. Kilo moja ya sukari kwa kila mugonjwa aliyeandikwa si muzigo kwa shirika lolote. Ila inaomba kwanza wagonjwa waandikwe, na mara nyingi hawaandikwi, kwa sababu kwenye foleni hawaonekani kama wagonjwa.

Upande wa kuhifadhi dawa, habari ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Wengi wanaacha chupa nyuma ao wanaitupa wakisema bila frigo imekwisha. Mwaka wa 2021, Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto halisi la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kwenye kambi za Dadaab, kaskazini ya Kenya. Insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Butembo iko juu ya metre 1,700, na baridi yake inajulikana. Hata Kasindi na bonde la Semliki, kule kuna joto kweli, chupa moja iliyofunguliwa inaweza kulindwa ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Kinachoiharibu ni jua kali, moto wa pikipiki na kugandishwa. Familia nyingi ziko na mufuko wa kukimbia nao, wenye karte ya kura na nguo za watoto. Chupa, sindano na kasashe ya sukari vina nafasi mule.

Kuna vijana wenye kukatazwa mupira kwa sababu ya sukari. Wazazi wanaogopa, na woga wao una sababu. Lakini Nacho Fernández aligunduliwa na diabeti ya aina ya kwanza akiwa na miaka 12, akachezea Real Madrid mpaka akawa kapiteni, na katika Kombe la Dunia la 2018 alifunga goli juu ya Portugal. Ugonjwa wake na ule wa mutoto wa Vulamba ni mumoja. Yeye tu alikuwa na wa kumupima mbele ya mechi na kisha mechi. Mutoto wa Vulamba anaweza kucheza kama amekula, kama kocha anajua, na kama kuna chupa ya maji ya sukari kando ya uwanja.

Neno «anajua» ni kubwa hapa. Wengi wanaficha. Sukari inaonwa kama ugonjwa wa watajiri, ao wa wazee, na kijana mukonda anayejidunga anaogopa kusemwa. Kumbe katika mwezi wa Aprili 2025, mukutano wa Shirikisho la Kimataifa la Diabeti huko Bangkok ulikubali kuitambua aina ya tano, inayofungwa na njaa na lishe mbaya ya muda murefu. Haimaanishi kila mukonda wa kwetu iko na hiyo. Inamaanisha kwamba ukonda na sukari vinaweza kukaa nyumba moja, na kwa watu wa namna hiyo insulini inaombwa itumiwe kwa uangalifu sana.

Kwa hiyo, wale wanaolima pamoja wanahitaji kujua mapema, si siku ya kuanguka. Katika kundi la kuvuna, mumoja ajue mahali sukari iko. Kama mugonjwa amekwisha kupoteza fahamu, asimwagiwe soda wala maji mudomoni, kwa sababu itaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, mudomo uangalie chini kidogo. Kama kituo kiko mbali, sukari iliyoloweshwa kidogo inaweza kupakwa ndani ya shavu, upande wa ufizi, wakati pikipiki inatafutwa. Na kwenye mulango wa kituo cha afya, mbele ya kueleza alivyoanguka, mbele ya kuulizwa fishi ya zamani, neno la kwanza liwe hili: anajidunga insulini. Chupa yenyewe ionyeshwe. Serumu ya glukozi inayomurudisha ni ile ile inayotumiwa kwa watoto wa malaria kali, na mara nyingi inafanya kazi ndani ya dakika chache.